Mvua Haijui Kwamba Kituo ni Kidogo

Wiki hii naomba radhi tuziweke kando mada za malezi na mirathi tulizozizoea katika ukurasa huu, nikusimulie habari ya garimoshi dogo lililoko uani kwangu, na namna kituo chake kilivyonivunjia heshima mbele ya mjukuu wangu.

Mwanangu mkubwa anafanya kazi Maskati, na mkewe na mtoto wao tunakaa nao hapa Mombasa. Mwanzoni mwa mwaka jana alimpelekea mwanawe, aliyekuwa na miaka 11, sanduku lililobeba garimoshi la umeme la kuchezea, mabehewa mawili, na reli za kutosha kuuzunguka mlimau ulioko katikati ya ua. Reli zenyewe ni za shaba ya manjano, na mataruma yake ni ya plastiki iliyotengenezwa makusudi kuhimili jua, kwa hiyo zaweza kukaa nje mwaka mzima. Garimoshi hurudi ndani kila jioni. Lakini reli isiyo na kituo, wala kilima, wala daraja, wala mti, ni duara tupu. Kijana akataka mandhari. Akajenga kituo kwa maboksi na vipande vya plaiwudi, chenye jukwaa, chumba cha tikiti na paa la mteremko, akakiandika jina lake kwa herufi kubwa: UANI. Kila Ijumaa alikuwa akimwonyesha baba yake kwa simu hatua aliyofikia, na baba akaahidi kuja Disemba akione kwa macho yake.

Ndipo siku moja akaniuliza, "Babu, masika yakija tutafanyaje?"

Nami, kwa ujasiri wa mtu ambaye hajapata kujenga hata banda la kuku, nikampa fatwa. Nikamwambia akipake rangi ya mafuta mara tatu, juu na chini, ndani na nje, asiache tundu la kupenya sindano. Maji yasipopata mlango hayataingia. Akafanya kama nilivyomwelekeza, kwa adabu na kwa uangalifu mkubwa, siku mbili mfululizo.

Mvua za kwanza kituo kilistahimili, nami nikajiona fundi. Wiki ya pili rangi ikaota malengelenge kama ngozi iliyoungua, na tulipoyatoboa yakatoa maji. Wiki ya tatu ukuta wa nyuma ukafura kama mkate wa mofa uliolowekwa mchuzini, tabaka za plaiwudi zikaachana, na asubuhi moja niliporudi kutoka sala ya alfajiri nikalikuta paa limelala juu ya reli. Nilijaribu kumliwaza mtoto. Nikamwambia kituo kile kilikuwa kidogo tu, twaweza kujenga kingine. Akanitazama, akasema, "Babu, mvua haijui kwamba kituo ni kidogo." Akalifuta garimoshi kwa kitambaa, akalirudisha sandukuni, na sanduku akalisukuma chini ya kitanda. Ijumaa iliyofuata baba yake alipopiga simu, alisema ana kazi nyingi za madrasa.

Maneno yale ya mtoto nimeyatafakari sana, kwa sababu ndani yake imo hesabu yote ya kazi hii, nami sikuwa nimeiona.

Kila kitu katika mchezo huu hupunguzwa kwa kipimo. Garimoshi letu ni la kipimo cha moja kwa ishirini na mbili na nusu. Yaani chenye urefu wa mita 22.5 katika ulimwengu wetu huwa mita moja katika ulimwengu wake. Kipimo hiki kilianza kuuzwa mwaka 1968 na kiwanda cha Ernst Paul Lehmann cha Nuremberg, Ujerumani, kwa jina la LGB, na upana wa reli ukawekwa kuwa milimita 45. Zidisha 45 kwa 22.5, utapata milimita 1,012.5. Kwa maneno mengine, reli ile ni mfano wa reli halisi yenye upana wa mita moja. Nilipoifanya hesabu hiyo niliinuka kitini. Mita moja ndiyo upana wa reli yetu ya zamani, iliyoanza kutandikwa hapa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901! Reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017 ni pana zaidi, milimita 1,435. Lakini ile tuliyopanda sisi, ambayo usiku kucha ilikuwa ikitutikisa hadi Nairobi, ndiyo iliyokuwa imelala uani kwangu pasi na mimi kujua. Wale wenzangu wenye umri wataikumbuka mitambo mikubwa ya mvuke ya aina ya Garratt, ile ya namba 59, iliyopewa majina ya milima. Ilijengwa Manchester na kampuni ya Beyer Peacock katika miaka ya 1955 na 1956, jumla yake 34, na haikupata kujengwa mikubwa kuliko hiyo kwa reli ya mita moja. Mmoja wao, Mount Gelai, umehifadhiwa katika makumbusho ya reli Nairobi. Urefu wake wapita mita 30; kwa kipimo chetu ungekuwa kama mita 1.4, na ungeutoa mlimau wangu mahali pake.

Basi vyote hivyo hupungua. Mlango wa mita mbili huwa sentimita tisa. Mtu mzima hufika kiwango cha kidole. Ila tone la mvua halipungui. Tone kubwa la masika lina upana wa kama milimita nne. Ukilipeleka katika ulimwengu wa kituo kile, kwa kulizidisha mara 22.5, litakuwa la sentimita tisa. Ni mvua ya machungwa, ndugu msomaji! Fikiri nyumba yako inanyeshewa machungwa usiku kucha, kisha jua lililo kubwa kuliko nyumba yako mara hiyo hiyo linatoka asubuhi kuikausha. Na upepo wa kusi nao haupunguzwi, wala chumvi inayobebwa nao kutoka baharini, wala mchwa, ambaye mbele ya ukuta wa kituo ni mnyama mwenye ukubwa wa panya buku. Kunguru wetu wa Mombasa akitua jukwaani ana urefu wa mita tisa. Yeye ndiye aliyeiba kengele ya kituo, na hajairudisha hadi leo.

Kwa kuwa nilikuwa nimemkosea mtoto kwa kutoa jibu nisilokuwa na elimu nalo, nilianza kutafuta wenye elimu. Nilikuta kwamba watu wa Ulaya wana karibu karne moja wakiishughulikia kazi hii. Bustani ya Bekonscot, katika mji wa Beaconsfield nchini Uingereza, ilifunguliwa mwaka 1929 na mhasibu wa London aitwaye Roland Callingham. Husimuliwa kwamba mkewe alimwambia ama treni zitoke nyumbani ama atatoka yeye, naye akachagua kwa busara. Yeye na mtunza bustani wake, Tom Berry, wakajenga mji mzima wa nyumba ndogo nje, penye mvua, reli ikipita katikati yake, na kwa kuwa watu walipenda kuutazama, viingilio vyao vikawa sadaka kwa wenye kuhitaji. Mji huo ungalipo. Uholanzi nako kuna Madurodam, mjini The Hague, uliofunguliwa mwaka 1952 kwa kuiga mfano wa Bekonscot. Umepewa jina la George Maduro, kijana mzaliwa wa Curaçao aliyefia katika kambi ya Dachau mwaka 1945. Wazazi wake walitoa fedha za kuanzia ili uwe kumbukumbu ya mtoto wao, na mapato yakaenda kuwasaidia wanafunzi waliokuwa wakiugua kifua kikuu. Nakiri kwamba habari hiyo ilinitoa aibu. Nilikuwa nikijiuliza watu watasemaje, sheikh mzima kupiga magoti uani na vijumba. Kumbe wazee waliofiwa na mwana wao walikiona kijumba kuwa kitu kinachofaa kubeba jina lake.

Lakini mashauri ya Wazungu hayahamishiki kwetu kama yalivyo. Adui yao mkubwa ni barafu. Maji yakiingia katika ufa mdogo wa saruji na kuganda, hutanuka na kuupasua ukuta. Ndiyo maana Bekonscot hufungwa majira ya baridi na vijumba kufanyiwa matengenezo. Sisi hatuna barafu. Tuna jua linaloila plastiki hadi ikavunjika kama kaki, tuna chumvi, tuna mchwa, na tuna ule unyevu wa Aprili na Mei ambao hata kanzu ndani ya kabati huota ukungu. Wa kutufundisha haya hakuwa mbali. Nilikwenda kwa mzee mmoja, fundi wa majahazi, ambaye twasali naye msikiti mmoja, nikamwonyesha mabaki ya kituo yaliyokuwa ndani ya mfuko.

Akaugeuza ubao, akautazama ukingo wake, akacheka. "Maalim," akasema, "umeyafungia maji ndani. Hapa chini palikuwa pakigusa udongo, yakapanda kwenye ukingo uliokatwa, kisha rangi yako ikayakataza kutoka. Chombo hakiozi kwa maji ya bahari. Huoza kwa maji ya mvua yaliyotuama ndani yake."

Nikamwambia nilidhani kazi ni kuyazuia maji yasiingie. Akasema maji hayana wa kuyazuia. Yataingia kwa sehemu usiyoijua. Kazi ni kuyaonyesha njia ya kutokea, na kuuacha upepo upite. Akanikumbusha nyumba zetu za mawe za Lamu na za Mji wa Kale. Kuta zake ni mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa hupumua: hunyonya unyevu wakati wa mvua na kuutoa wakati wa jua. Ndipo nikakumbuka jambo nililoliona kwa macho yangu mara nyingi bila kulielewa, nyumba ya kale iliyopigwa lipu ya saruji kwa nia njema, ambayo baada ya miaka michache hiyo lipu hubanduka kwa mabamba na ukuta nyuma yake kukutwa umelowa. Kosa langu lilikuwa lile lile, ila kwa kipimo kidogo.

Mwezi wa Julai nikalivuta sanduku kutoka chini ya kitanda, nikamwita mjukuu wangu, nikamtaka radhi. Nikamwambia, "Nilikupa jibu bila kujua. Sasa nimeuliza, tujaribu tena." Hakujibu. Alikaa barazani akinitazama nikichimba, na siku ya pili akaja kunyoosha kamba kwa sababu, alisema, nilikuwa nikichimba upogo.

Tulianza chini, kwenye udongo. Tulichimba kina cha sentimita 15 mahali pote patakapokaa reli na majengo, tukajaza kokoto, na juu yake tukatandika changarawe kali zenye ncha, za ukubwa wa punje ya choroko. Zenye ncha hushikana; za mviringo huteleza kama ushanga. Mwanzo nilipenda kutumia matumbawe yaliyopondwa kwa weupe wake, lakini mvua huyageuza unga unaoganda kwenye magurudumu. Reli hatukuifunga kwa saruji. Shaba hutanuka ikipata moto. Mstari wa mita kumi, ukipanda nyuzi joto 30, huongezeka karibu milimita sita, na ukiufunga utajipinda. Kwa hiyo reli yetu imelala ndani ya changarawe kama reli ya kweli, huru kujinyoosha, na maji ya mvua hupita chini yake yakaenda zake. Ua wenyewe tuliupa mteremko wa sentimita moja kwa kila mita, kuelekea mtaroni.

Kuta tulizimimina kwa saruji. Nawapa kipimo kwa sababu wengi mmeniuliza: saruji sehemu moja, mchanga wa mtoni sehemu tatu, na maji machache kadiri mchanganyiko ukibanwa mkononi ushikane usichuruzike. Mchanga wa pwani usiuguse. Una chumvi, na chumvi ndani ya saruji huila waya na huchipua unga mweupe ukutani mwaka baada ya mwaka. Ukuta una unene wa milimita 15, na katikati yake tuliweka kipande cha wavu wa plastiki, si waya wa chuma, maana chuma kikishika kutu hufura na kuupasua ukuta kutoka ndani. Kiunzi kilikuwa ubao uliopakwa mafuta ya kupikia. Lililotushinda ni madirisha, na hapo kijana ndiye aliyeshinda. Alikata ndara kuukuu vipande vya mstatili, akavipanga ndani ya kiunzi tukamimina saruji kuvizunguka, na ilipoganda akavichomoa kwa koleo, madirisha yakatoka safi kama yaliyokatwa kwa kisu. Kuta tukazifunika kwa magunia yaliyolowa siku saba. Saruji inayokauka upesi juani haina nguvu, na hapa ndipo wengi huharakisha.

Tulipozisimamisha tukazipaka chokaa nyepesi mara tatu, badala ya rangi. Kituo hakina sakafu. Kimesimama juu ya vijiguu vinne vya saruji, sentimita moja juu ya changarawe, na maji yakiingia kwa dirishani huanguka chini yakapotea. Paa halikugundishwa, limekaliwa kama kifuniko cha bakuli, ili liinuliwe kituo kipate upepo. Limepita ukuta kwa sentimita tatu kila upande, na mbao za ukingo wake, upande wa chini, tumezitia mfereji mwembamba wa milimita tatu. Jambo hili la mfereji nalipenda kuliko yote. Tone la maji lina tabia ya kung'ang'ania ubao na kutambaa chini yake hadi lifike ukutani. Likikutana na mfereji hushindwa kuvuka, likadondoka. Nenda ukatazame chini ya kizingiti cha dirisha lolote lililojengwa na mwashi hodari, utauona mfereji huo.

Bati la paa ni makopo ya soda. Yamekatwa kwa mkasi (kazi hiyo niliifanya mwenyewe, kingo zake ni wembe), yakanyooshwa, kisha yakakandamizwa juu ya sindano za kufumia za mama yake zilizopangwa sambamba, yakatoka na migongo kama mabati ya dukani. Kopo la soda ni la alumini, halina kutu. Kabla ya kulipaka rangi lisugue kwa msasa laini na ulifute kwa siki, la sivyo rangi itavuliwa kama koti. Rangi ni ile ya maji iliyotengenezwa kwa ajili ya kuta za nje. Hufuata ubao au bati linapotanuka, ilhali ya mafuta hukakamaa na kupasuka. Gundi nyeupe ya shule tuliifukuza kabisa, kwa maana maji huiyeyusha. Tulitumia ile ya mirija miwili inayochanganywa. Kila skrubu ni ya shaba. Mbao zilizobaki ni vipande vya mvule tulivyopewa na fundi wa majahazi, na hakuna hata kimoja kinachogusa udongo. Ncha zilizokatwa, ambako ubao hunywa maji kama mrija, tulizinywesha mafuta ya kitani moto hadi zikakataa kunywa zaidi.

Kibanda cha kahawa kilichoko pembeni mwa kituo kimeezekwa makumbi. Nyuzi za kumbi zilizokaa majini hazina haraka ya kuoza, ndiyo maana wazee walisokota kamba za majahazi kwazo; nasi tulizifunga kwa uzi wa nailoni kwenye chelewa za ufagio, safu juu ya safu, kuanzia chini kwenda juu. Ezeko hilo tulilijua tangu mwanzo kuwa ni la mwaka mmoja. Paa la makuti la nyumba ya kweli nalo hubadilishwa.

Miti ni ya kweli. Mrehani uliokatwa majani ya chini ukaachwa shina hugeuka mti wenye gome na matawi. Wenye urefu wa sentimita 45 huwa mti wa mita kumi mbele ya kituo. Hupogolewa kila wiki, na matawi yanayokatwa mkwe wangu huyachukua. Transfoma hukaa ndani ya nyumba, mahali pakavu, na umeme unaofika relini ni mdogo. Hata hivyo mvua ikianza huzimwa. Chumvi hutia shaba giza, na kila Alhamisi jioni kijana huipitia reli kwa kitambaa.

Najua kuna suala ambalo baadhi yenu mmekwisha kunisubiri nalo: je, abiria? Madukani huuzwa vijitu vya plastiki vya kusimamishwa jukwaani. Hadithi ya Bibi Aisha (r.a.) na wanasesere wake, na farasi wake mwenye mabawa, yajulikana, na wanazuoni wengi wameitegemea katika kuruhusu vya kuchezea vya watoto, wengine wamekuwa wazito zaidi, hasa kwa kitu kinachosimamishwa kiwe pambo. Sikutaka kulifanya jambo hili mjadala juani. Nilimweleza mtoto rai zote mbili nikamwachia. Akakaa siku nzima, kisha akaleta jukwaani kikapu cha ukili kilicho kidogo kama tende, bakora iliyoegemea ukuta, dele la kahawa la udongo, mkeka uliokunjwa, na jozi moja ya viatu mlangoni mwa chumba cha tikiti. Akaniambia abiria wamo ndani wanasali. Nimeona vituo vingi vya mfano katika picha, vyenye watu mia. Sijaona chenye watu kuliko kile.

Vuli ilianza mwishoni mwa Oktoba. Usiku wa mvua ya kwanza kubwa nilimsikia akiamka, nikamsikia akisimama kwenye mlango wa uani. Sikutoka. Asubuhi alinyanyua paa akatia mkono ndani, kisha akalirudisha bila kusema neno, na Ijumaa ile alipokea simu ya baba yake mwenyewe.

Baba alifika wiki ya pili ya Disemba. Garimoshi lilizunguka mara sita kabla hajavua viatu. Alipochuchumaa kukitazama kituo, hakuuliza habari za saruji wala chokaa. Aliviona vile viatu vidogo mlangoni, akanyamaza kitambo, kisha akamwomba mwanawe aongeze jozi ya pili, kubwa kidogo. Wakaikata pamoja kutoka ile ndara iliyobaki. Wiki tatu baadaye akarejea Maskati. Jozi zote mbili zipo.

Masika ya mwaka huu hayakutuachia kila kitu. Ezeko la kibanda cha kahawa lilianguka mwezi wa Mei, kama tulivyotarajia. Chokaa ya ukuta wa kusini imeoshwa na kusi ikabaki madoa, nasi tutaipaka upya ardhi ikikauka. Mrehani mmoja umekufa kwa maji mengi. Mizizi yake ilikuwa mahali tulipopunja kokoto, kosa langu tena. Kuta ni nzima, bati halina hata doa, reli imekaa sawa. Kijana sasa anataka daraja, na nimemtuma akamuulize fundi wa majahazi kabla hajaniuliza mimi.

Juzi tuliinua paa kukagua chumba cha tikiti. Ndani mlikuwa na vumbi kavu, na pembeni mayai mawili meupe ya mjusi kafiri. Kijana amebandika kikaratasi mlangoni kusema kituo kimefungwa hadi yatakapoanguliwa, na garimoshi hupita bila kusimama.